Bima ya Taifa: Mchango wa Wengi

Vijana wetu waliomo kazini hapa Uingereza huniuliza kwa nini mshahara hukatwa fedha za Bima ya Taifa hata kabla hawajautia mkononi. Kwa kuwa nilisomesha historia miaka mingi, naona bora niwajibu kwa historia yake.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili kwa jina la chama cha kuzikana. Kila mtu alitoa kidogo, na aliyefikwa na msiba alisaidiwa sanda na gharama za maziko, asiingie katika deni. Wachimba makaa wa mji wa Tredegar, huko Wales, nao walikuwa na chama chao. Walikatwa sehemu ndogo ya mshahara, na chama kikaajiri madaktari wa kuwatibu wao na watoto wao.

Mwaka 1911 Lloyd George, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alipitisha sheria ya bima ya maradhi. Mfanyakazi mwanamume alitoa peni 4 kwa wiki, mwajiri peni 3, na serikali peni 2. Akiugua, alipata daktari, na shilingi 10 kwa wiki kwa muda wa wiki 13 za mwanzo. Lakini matibabu hayo yalikuwa yake peke yake. Mke na watoto hawakuwamo.

Desemba 1942, vita vikiwa vimepamba moto, William Beveridge alitoa ripoti iliyotaka kila raia aingizwe. Tarehe 5 Julai 1948 ikaanza Bima ya Taifa mpya, na siku hiyo hiyo ikaanza Huduma ya Afya ya Taifa, chini ya waziri Aneurin Bevan, mzaliwa wa Tredegar.

Beveridge alitazamia kuwa watu wakipata afya, gharama hazitapanda. Mambo yakawa kinyume. Mwaka 1951 serikali iliamua meno ya bandia na miwani vilipiwe, Bevan akajiuzulu. Na mwaka 1952 karatasi ya dawa ikatozwa shilingi 1. Hakuna tiba ya bure, ila ipo iliyokwisha kulipiwa na wengi.

Hapa wengi huchanganya mambo. Hospitali huendeshwa zaidi kwa kodi za kawaida, na daktari hamwulizi mgonjwa amechanga miaka mingapi. Pensheni ndiyo inayohesabiwa kwa michango. Tena fedha hizo haziwekwi sandukuni kwa jina lako: wanaofanya kazi leo ndio wanaowalipa wazee wa leo.

Kwa sheria iliyoanza mwaka 2016, kwa kawaida hupati pensheni hiyo mpaka uwe na miaka 10 ya michango, na anayeanza sasa atahitaji miaka 35 kuipata kamili. Kijana anayelipwa mkono kwa mkono, bila ya kuandikishwa, huona leo amefaidi. Uzeeni atakuta mapengo. Na mama anayelea nyumbani aombe posho ya mtoto kwa jina lake mwenyewe, kwani mpaka mtoto atimize miaka 12, mama huhesabiwa kama aliyechanga.

Basi, jamaa zangu, kila mmoja aombe serikalini hesabu ya michango yake aitazame. Mapengo ya miaka 6 iliyopita kwa kawaida huzibika kwa kulipia. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenye tundu hakijai.