Bustani Juu ya Matumbawe

Mtu asafiriye kwa njia ya pwani kutoka Kilifi hadi Malindi hukanyaga sakafu ya bahari ya kale. Jiwe lile jeupe lenye ncha kali lilijengwa na matumbawe, zamani bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ndilo watu wa Gede walilojengea nyumba na misikiti yao, ndilo walilolichoma wakapata chokaa.

Lakini jiwe lililo jema kwa mwashi huweza kuwa adui wa mkulima. Udongo juu yake ni haba, nao una chokaa nyingi. Chokaa hiyo huyafunga madini ya chuma, hata mizizi isiweze kuyanywa. Basi majani machanga hugeuka manjano, yakabaki mishipa tu ya kijani. Mwenye shamba hudhani mti wake una kiu, akazidi kuutilia maji, kumbe ni njaa.

Je, ardhi ya namna hii yaweza kuwa bustani? Jibu lilipatikana Bamburi, kusini mwa Kilifi. Kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954 kilichimba mawe ya matumbawe hata yakabaki mashimo mapana yasiyo na jani. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipanda humo miche ya aina 26. Zikasalia aina 3 tu, mojawapo mvinje. Mti huu hustahimili chokaa na chumvi, na vijidudu viishivyo katika mizizi yake huupatia naitrojeni kutoka hewani.

Hata hivyo, majani yake membamba yalilundikana chini bila kuoza. Ndipo Haller alipoleta majongoo. Wakayala majani, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo mweusi. Udongo ulipopatikana, miti mingine ikafuata, kisha ndege na wanyama. Na mwaka 1984 mahali pale pakafunguliwa kwa watazamaji.

Tazameni basi, wanafunzi: Haller hakuliondoa jiwe. Alichagua mti ulivumiliao, akayarudisha majani ardhini. Nasi twaweza kuchimba shimo pana katika mwamba, tukalijaza samadi na majani yaliyooza, tukapanda mnazi au mvinje, wala tusiyachome majani yaangukayo. Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Penye matumbawe, asiyechagua mche naye si mkulima.