Walichokiacha Wezi

Mwaka 1949, katika milima ya Altai, Siberia, Sergei Rudenko na wenzake walifukua kaburi la tano la Pazyryk, lenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Wezi walishatangulia zamani za kale. Tundu walilotoboa liliingiza maji, maji yakaganda, na barafu ikahifadhi walichokiacha: vitambaa vya sufu iliyogandamizwa hadi ikashikana, ikakatwa maumbo ya rangi na kushonewa juu ya pazia kubwa. Walikuwemo hata mabata maji wa sufu.

Bibi yangu alidarizi kofia maisha yake yote. Alipofariki tuligombania kiwanja na vyombo. Kofia yake ya mwisho, sindano ikiwa bado imo, hakuna aliyeiulizia. Kwetu hakuna barafu. Nimeichukua mimi.