Jina la Shingoni, Kazi ya Mapafuni

Kisa kinaanzia kwa inzi aliyeota miguu mahali pa vipapasio. Kosa lilikuwa la jeni moja iliyowaka pasipo pake. Mwaka 1984 maabara ya Walter Gehring mjini Basel, Uswisi, na watafiti wa Indiana, Marekani, walitangaza kuwa jeni kadhaa zinazopanga mwili zina kipande kimoja kinachofanana, chenye herufi 180 za DNA. Kikaitwa homeoboksi. Protini zinazotokana na jeni zenye kipande hicho hushika DNA na kuwasha au kuzima jeni nyingine.

Mwaka 1990 kundi la Mwitaliano Roberto Di Lauro, lililokuwa likichunguza tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, likaonyesha kuwa protini waliyoipata huko ni ya ukoo huo. Wakaiita TTF-1, kwa jina la tezi. Mwaka uliofuata ikaonekana mapafuni pia, lakini jina lilishaganda.

Uzito wake ulidhihirika 1996, timu ya Shioko Kimura ilipozalisha panya wasio na jeni ya protini hiyo. Walikufa walipozaliwa tu: thairoidi hakuna, na mapafu hayakujengeka.

Kwenye pafu zima la mtu mzima, TTF-1 hukaa ndani ya viini vya seli zinazotoa ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visinate. Kinyama chembamba kikiwekwa kwenye kioo na kutiwa kingamwili inayoishika TTF-1 pamoja na rangi, viini hivyo hugeuka kahawia, vingine vikabaki buluu. Sasa chukua uvimbe wa ubongo usiojulikana ulikotoka. Viini vyake vikiwa kahawia, mtaalamu wa patholojia huligeukia pafu kwanza, bila kuisahau thairoidi. Takribani robo tatu ya adenokasinoma za mapafu, aina moja ya saratani, hushika rangi hiyo. Saratani ya seli bapa kwa kawaida haishiki.

Shahidi huyu, hata hivyo, naye ana kesi. Mwaka 2007 watafiti walikuta nakala za ziada za jeni ya TTF-1 katika baadhi ya adenokasinoma. Ilipozimwa, seli za saratani hizo zilidhoofika. Mwaka 2011 majaribio ya panya yakaonyesha kinyume: protini ikipotea, saratani husambaa. Inachochea hapa, inazuia pale.

Wanajeni waliibadili jina zamani, wakaiita NKX2-1. Kwenye majibu ya maabara za hospitali bado inaandikwa TTF-1.