Kitako na Mdomo wa Bunduki: Silaha za Moto katika Msamiati wa Kiswahili

Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa Unguja aliyefariki mwaka 1905, anajulikana zaidi kwa jina ambalo hakupewa na wazazi wake. Katika masimulizi ya maisha yake, yaliyochapishwa kwa Kiswahili na Kijerumani na Heinrich Brode mjini Berlin mwaka 1902 na 1903, anaeleza kuwa watu wa bara walimwita Tippu Tip kutokana na mlio wa bunduki zake. Yapo maelezo mengine yanayolihusisha jina hilo na kupepesa kwa macho yake. Yeye mwenyewe, hata hivyo, alilichukua lile la bunduki.

Kwa mwanaisimu, jina hilo ni tanakali ya sauti. Kwa mwanahistoria, ni ushahidi wa aina ya pekee, kwani halikutungwa na mwenye silaha bali na walioisikia ikilia. Bunduki ina kitako, na kitako hukaa begani mwa mwenyewe. Ina pia mdomo, na mdomo huelekea kwa mwingine. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba msamiati wa Kiswahili umehifadhi kumbukumbu za pande zote mbili, na kwamba anayesoma upande mmoja tu amesoma nusu ya historia.

Upande wa kitako ndio ulioandikwa zaidi, kwa kuwa ulihusu biashara. Mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani uliwaruhusu Wamarekani kuuza bidhaa zao katika bandari za mtawala huyo. Hata hivyo, uliweka sharti kwamba kisiwani Unguja bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali yake tu. Sharti hilo linaonyesha kwamba Sayyid alitambua mapema kuwa bidhaa hii si sawa na nguo ya merekani. Baadaye majeshi ya Ulaya yalipoanza kutumia bunduki za kisasa, zile za zamani zilitafutiwa soko, na Afrika ya Mashariki ikawa mojawapo ya masoko hayo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki zilizokuwa zikiingia kila mwaka zilifikia baina ya 80,000 na 100,000.

Majina ya bidhaa hizo yanasimulia safari zake. Neno bunduki limetokana na Kiarabu, na asili yake hujadiliwa: wapo wanaolihusisha na bunduq, yaani tunda dogo la mviringo ambalo lilipata pia maana ya kitufe cha kurushwa, na wapo wanaokumbusha kwamba Venice kwa Kiarabu huitwa al-Bunduqiyya. Risasi ni jina la Kiarabu la madini yenyewe, na hadi leo Kiswahili hutumia neno hilo kwa madini na kwa kitu kitokacho mtutuni. Bastola, silaha ya mkono mmoja, mara nyingi huhusishwa na pistola ya Kireno.

Ikiwa nomino nyingi zilikuja na majahazi, vitenzi vingi vilikuwa nyumbani tayari. Kufyatua kulikuwa kazi ya mtego kabla ya kuwa kazi ya bunduki. Kushindilia kulikuwa kugandamiza kitu chochote mahali penye nafasi finyu. Mzinga ulikuwa gogo lililochongwa kwa ajili ya nyuki, kisha umbo lake likaazimwa kutajia silaha kubwa ambayo hadi sasa hupigwa mara 21 kwa heshima ya wakuu wa nchi. Hivyo basi, Waswahili hawakuipokea silaha ya moto kama muujiza. Waliipokea kama chombo cha kazi, kikaelezwa kwa maneno ya mtego na ya mzinga.

Maneno mengine yanaonyesha jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ngumu. Mwenye gobori alimimina baruti katika mtutu, akatia risasi, akashindilia kwa mdeki, ndipo akalenga. Katika bunduki ya gumegume, cheche ilitoka kwenye jiwe. Baruti ikipata unyevu, bunduki haikulia. Baadaye fataki ilipunguza tatizo hilo. Kiswahili humwita pia mtu asiyefaa kitu gumegume, na huenda matumizi hayo yamebeba kumbukumbu ya silaha iliyomwangusha mwenyewe saa ya haja. Ni gumegume hiyohiyo ambayo Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliiachia nafasi. Mkataba huo ulizuia silaha bora katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliruhusu, kwa masharti, bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Jiwe lilibaki kwa Mwafrika. Silaha bora zilibaki mikononi mwa dola zilizokuwa zikigawana bara lake.

Kwa upande wa mdomo, ushahidi ni haba lakini ni mzito. Mwaka 1867 Hamed alipigana na Nsama, mtawala wa Itabwa, baina ya ziwa Tanganyika na ziwa Mweru. Yeye mwenyewe alijeruhiwa kwa mishale, lakini bunduki zikashinda na pembe za ndovu zikachukuliwa. David Livingstone, aliyekuwa akisafiri katika eneo hilo mwaka huohuo, alicheleweshwa na vita hivyo. Msimulizi wa Kiswahili ni mshindi, na mizani ya simulizi ni ya mfanyabiashara. Sauti ya walioshindwa imebaki katika jina tu: tip, tip.

Takriban miaka 40 baadaye, katika vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, wapiganaji wa kusini mwa Tanganyika waliambiwa kwamba dawa ingezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Dawa haikuzigeuza, na watu wengi mno walikufa. Hata hivyo, jina la vita halikutokana na silaha iliyoua bali na maji waliyoyatumainia waliouawa. Hapa pia, waliokuwa mbele ya mdomo wa bunduki ndio waliotoa jina.

Wazungumzaji hawajaacha kuziita silaha kwa majina yao. Katika lugha ya mitaani nchini Tanzania, bastola huitwa mguu wa kuku. Kamusi ikiandika neno hilo kama mzaha, itakuwa imeandika umbo lake tu. Inafaa iulize pia nani hulitamka akiwa ameishika na nani hulitamka akiwa ameelekezewa. Wakati huohuo, mdeki na gumegume ya bunduki vinazidi kusahaulika, na pamoja navyo inasahaulika mikono iliyovitumia. Mwanafunzi wa Kiswahili anayekusanya maneno haya kwa wazee anakusanya ushahidi ambao daftari za forodha hazikuwa na safu ya kuuandikia.