Utoto wa Mugo wa Kibiru: Kweli na Hadithi

Katika nchi ya Wakikuyu, toka Kiambu hata Nyeri, ni waganga wachache ambao majina yao yamevuma kama Mugo wa Kibiru, aitwaye pia Chege wa Kibiru. Husimuliwa kwamba alitabiri kuja kwa wageni weupe, na nyoka wa chuma atakayenyooka toka maji makuu ya mashariki hata maji makuu ya magharibi. Utoto wake nao umejaa maajabu. Yasemekana kwamba Kibiru, alipokuwa akiwinda, alimkuta mtoto peke yake msituni, hana baba wala mama, akamchukua akamlea kwake Kariara, upande wa Murang'a. Wengine huongeza kwamba ni Ngai mwenyewe aliyemleta. Je, mwanafunzi wa historia aamini lipi?

Na tuanze na jina. Kwa Kikuyu, mganga huitwa mundu mugo. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba Chege ndilo jina alilopewa mtoto, na Mugo ni cheo alichopata ukubwani. Tena, wa Kibiru maana yake ni mwana wa Kibiru. Lakini jina hilo halituambii kama alikuwa mwana wa kuzaliwa au wa kulelewa. Desturi ya Wakikuyu iliruhusu mgeni kuingizwa katika ukoo kwa kuchinjiwa mbuzi, akawa kama aliyezaliwa humo. Na katika nyakati za njaa na vita, mtoto kupotewa na wazazi wake halikuwa jambo la miujiza. Basi, kwamba Kibiru alimlea yatima ni habari iwezayo kuwa kweli.

Lakini ile sehemu ya mtoto asiye na wazazi, aliyeletwa na Mungu, yataka hadhari. Mataifa mengi husimulia hivyo juu ya wakuu wao. Musa aliokotwa majini ndani ya kikapu. Romulus wa Roma alinyonyeshwa na mbwa mwitu. Watu wakishamwona mtu ni mkuu, hurudi nyuma wakamtafutia utoto unaolingana na ukuu wake.

La pili ni wakati. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na Kisumu 1901. Jomo Kenyatta aliandika utabiri wa Mugo katika kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichotolewa mwaka 1938, yaani miaka 37 baada ya nyoka huyo kufika ziwani. Hilo si thibitisho kwamba Mugo hakunena. Lakini maneno yaliyopita vinywani mwa watu baada ya jambo kutokea huweza kunyooshwa yakalingana na jambo lenyewe. Msomaji wa Sagana naye ajihadhari: reli ipitayo mjini mwake kwenda Karatina na Nanyuki ni tawi tu, wala haielekei maji makuu yoyote.

La tatu, Mugo si peke yake. Wanandi husimulia utabiri kama huo juu ya Kimnyole, aliyeuawa na watu wake mwenyewe yapata mwaka 1890, na Wakamba juu ya mwanamke aitwaye Syokimau. Ama hadithi moja ilisafiri toka kabila hata kabila, ama wote walisikia habari moja. Habari zilikuwapo: wafanyabiashara wa Kikamba walikwenda pwani na kurudi, na Krapf aliuona Mlima Kenya mwaka 1849. Mtu mwenye akili na masikio aliweza kutambua mapema kwamba wageni wanakuja.

Wala tusidhani kwamba ni wazee wetu tu wachanganyao mambo. Harry Houdini, bingwa wa kiinimacho wa Marekani, alidai kwamba alizaliwa Appleton, Wisconsin, tarehe 6 Aprili 1874. Daftari zilionyesha kwamba alizaliwa Budapest, tarehe 24 Machi mwaka ule ule. Kwake daftari ilikata shauri. Kwa Mugo hapana daftari, hivyo hatuna budi kupima masimulizi yenyewe: nani asema, lini, na kwa nini.

Mwenye kumeza kila neno huwafanya wazee wetu kuwa watu wa hadithi tu. Mwenye kutupa kila neno hujinyima shahidi, maana yaliyoandikwa na wageni peke yake hayatoshi. Tupepete basi, kama mama apepetavyo mtama: makapi yaende na upepo, na punje zibaki katika ungo. Hata makapi yana habari yake, kwa kuwa hutuonyesha jinsi watu walionyang'anywa nchi yao walivyotaka kuamini kwamba msiba wao ulijulikana mapema, na kwamba hawakuachwa peke yao.