Ngoma za jirani, mashine za mbali: historia ya sampla kwa kijana wa Mulongwe

Mwaka 1967 Michel Vuylsteke aliwarekodi wapiga ngoma wa Burundi kwa ajili ya Ocora, lebo ya redio ya taifa ya Ufaransa. Sauti hizo zilitolewa katika santuri iitwayo Musique du Burundi. Mwaka 1971 mwanamuziki wa Paris, Michel Bernholc, aliongeza kinanda na gitaa juu ya ngoma zilezile, akazitoa kwa jina la Burundi Black, na wimbo huo ukaingia katika chati za Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada alichukua kipande cha rekodi hiyo, akakifanya kijirudie chini ya wimbo wake The Jungle Line.

Vijana wa Mulongwe, hapa Uvira, wanaotamani kutengeneza biti wanapaswa kuijua habari hii. Ufundi wa kunasa sauti, kuikata na kuirudiarudia ulipoanza kuingia katika muziki wa pop, miongoni mwa sauti za kwanza kutumiwa hivyo zilikuwa za majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Wapigaji wenyewe hawakujulikana. Walioununua wimbo walilijua jina la nchi, lakini majina ya watu hawakuyajua.

Mashine za kazi hiyo zilikuja baadaye, na mwanzoni zilikuwa za matajiri. Fairlight CMI ya Australia, iliyotoka 1979, iliweza kunasa sauti yoyote na kuipiga kwa vibonye vya kinanda, lakini bei yake ilikuwa ya nyumba. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa LM-1, mashine yenye sauti za dramu halisi, kwa karibu dola 5,000. Mwaka huohuo Roland ya Japani ilitoa TR-808, ambayo sauti zake zilitengenezwa kwa saketi za umeme. Mashine hizo ziliundwa kama 12,000 tu kabla ya kusitishwa 1983. Wengi waliziona sauti zake si za kweli, mashine zikashuka bei, na vijana wasio na fedha wakazipata zilizotumika. Hip hop na muziki wa dansi wa Marekani vilijengwa juu yake.

Mwaka 1987 kampuni ya E-mu ilileta sampla ya SP-1200, iliyobeba sekunde 10 hivi za sauti kwa jumla. Maprodyuza wa New York walibuni njia ya kuzibana: waliicheza santuri kwa kasi kubwa, wakainasa, kisha wakaipunguza mwendo ndani ya mashine. Sauti ilitoka na ukwaruzo, na ukwaruzo huo ukawa ladha ya zama zile. Mwaka uliofuata Akai na Linn walitoa MPC60, yenye pedi 16 za kupigwa kwa vidole. MPC ya marehemu prodyuza J Dilla, aliyefariki 2006, sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington.

Afrika Mashariki sehemu kubwa ya kazi hii imefanywa kwa kompyuta. FruityLoops, programu iliyotoka Ubelgiji mwaka 1997, iliwafungulia njia vijana wasioweza kununua MPC. Dar es Salaam, P-Funk Majani na Master Jay walisimika sauti ya Bongo Fleva, inayopigwa hadi huku kwetu. Kisha ikaja singeli, yenye mwendo unaopita mapigo 200 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Sisso, na dunia ikasikia kinachoweza kufanywa na kompyuta ya kawaida.

Basi anayeanza leo achague nini? Kama una simu nzuri, anza nayo. FL Studio Mobile ipo tangu 2011, na itakufundisha mapigo kabla hujatoa dola hata moja kwa ajili ya mashine. Ukiwa tayari kununua, kwanza uliza kuhusu betri, maana umeme wa Uvira hukatika. SP-404MKII ya Roland, ya 2021, hukubali betri sita ndogo za AA. Circuit Rhythm ya Novation, ya mwaka huohuo, ina betri ya kuchaji ndani yake. PO-33 ya Teenage Engineering, ya 2018, hutumia betri mbili za AAA, ina maikrofoni yake, na hubeba sekunde 40 za sauti. Pili, hakikisha mashine inanasa sauti yenyewe. Volca Sample ya kwanza ya Korg, ya 2014, ni ndogo na ina betri, lakini haina mahali pa kuingizia sauti. Sauti mpya huletwa kutoka kifaa kingine.

Uchache wa sekunde usikutishe. Waliofanya kazi na sekunde 10 walijifunza kuchagua, na kuchagua ndiko ufundi.

Halafu toka nje urekodi: kwaya siku ya mazoezi, likembe ya mzee, kelele za bandari ya Kalundu, makasia ya wavuvi wa ndagala. Nakili kila kitu kwenye kadi ya pili, uiweke kwa ndugu anayekaa mbali na mto Mulongwe, kwa maana ulipofurika Aprili 2020 ulibeba nyumba kwa maelfu na kuua watu wengi. Na kila unapomrekodi mtu, mwombe ruhusa, andika jina lake, na wimbo ukitoka litaje. Ukiuza, mgawie. Rekodi ya 1967 ilitembea dunia nzima bila kuwatambulisha wapigaji wake. Sasa mashine iko mikononi mwetu, na haki hiyo ni juu yetu kuitimiza.