Dien Bien Phu, 1954: Uamuzi wa Kurudi Nyuma

Kiongozi hapimwi kwa wepesi wa kutoa amri, bali kwa uwezo wa kuchambua hali halisi wakati wote wanamhimiza aharakishe. Historia ya ukombozi wa Vietnam inathibitisha jambo hilo.

Mwezi Januari 1954 majeshi ya ukombozi yalikuwa yamewazingira Wafaransa katika bonde la Dien Bien Phu. Mpango ulikuwa kuiteka ngome kwa shambulio la haraka. Mizinga ilikwisha kokotwa kwa mikono milimani. Askari walikuwa na hamasa. Washauri kutoka China waliunga mkono. Lakini adui alikuwa ameongeza nguvu na kujichimbia. Naye Ho Chi Minh alikuwa amemwagiza Jenerali Vo Nguyen Giap asipigane ila akiwa na hakika ya ushindi.

Tarehe 26 Januari, siku yenyewe ya shambulio, Giap alizungumza na mshauri mkuu, akaitisha kamati ya Chama ya uwanja wa vita, na baada ya mjadala shambulio likaahirishwa. Mizinga ikakokotwa kurudi nyuma. Mahandaki yakachimbwa, chakula na risasi vikakusanywa. Shambulio likaanza tarehe 13 Machi. Tarehe 7 Mei ngome ikaanguka.

Giap hakuacha lengo. Alibadili mbinu, tena kwa kikao. Kuahirisha bila kazi ni woga. Kuahirisha ili kujiandaa ni uongozi. Kada anayesukumwa aamue upesi na ajiulize kwanza: tangu tulipopanga, kipi kimebadilika?